Je, Wajua? Jumuiya ya Afrika Mashariki na Watu Wasioiamini

Maafisa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wakiulizwa kwa nini wananchi wanasitasita kuhusu shirikisho, jibu huwa liko tayari: elimu haijawafikia. Safu ya leo inakataa jibu hilo. Wananchi wanajua mengi, na wanayoyajua ndiyo yanayowatia wasiwasi. Soma, kisha upime mwenyewe.

Je, wajua kwamba Jumuiya tuliyo nayo ni ya pili kwa jina hilo? Ya kwanza ilitiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967 na Nyerere, Kenyatta na Obote, ikaanza kazi Desemba mwaka huohuo, na katikati ya 1977 ilikuwa imekufa. Haikufikisha hata miaka kumi.

Je, wajua kwamba ushirika wenyewe una umri mkubwa kuliko nchi zetu huru? Kenya na Uganda ziliunganishwa kiforodha mwaka 1917, Tanganyika ikaingizwa kikamilifu 1927. Hakuna Mwafrika aliyeulizwa. Ushuru ule uliwalinda walowezi wa Kenya na ngano yao na siagi yao, na mnunuzi wa Tanganyika akalipia ulinzi huo bila kuonja faida yake. Manung'uniko ya kwamba Nairobi hula kwanza hayakuanza jana.

Je, wajua kwamba Nyerere alikuwa tayari kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika? Mwaka 1960 alisema nchi yake ingeweza kusubiri ili Tanganyika, Kenya na Uganda zipate uhuru pamoja zikiwa shirikisho. Hoja yake ilikuwa kwamba kila nchi ikishapata bendera yake, wimbo wake na kiti chake Umoja wa Mataifa, hakutakuwa na mwenye hamu ya kuviachia. Hakuna aliyempa jibu la maana, na yaliyofuata yakampa haki.

Tarehe 5 Juni 1963, jijini Nairobi, viongozi watatu walitangaza kwamba shirikisho litaundwa kabla mwaka haujaisha. Mwaka ukaisha. Uganda ilikuwa na mashaka yake, ufalme wa Buganda ukiwa mbele ya wote. Wazee wetu waliosikiliza tangazo lile redioni walipata somo la mapema kuhusu tarehe za shirikisho, na wajukuu wao wamelirudia mara kadhaa.

Je, wajua kwamba Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia shilingi moja tangu miaka ya 1920, na Zanzibar ikajiunga nayo 1936? Mwaka 1966 kila nchi ilianzisha ya kwake. Kwa hiyo sarafu moja tunayoahidiwa leo kama ndoto ya kesho, babu yako aliwahi kuwa nayo mfukoni.

Kuhusu viwanda, mambo yalikuwa machungu zaidi. Mwaka 1964 nchi tatu zilikubaliana Kampala kugawana viwanda ili visirundikane Kenya. Cha matairi kilipangiwa Tanganyika. Kenya haikuyaridhia makubaliano yale. Mwisho wa yote Arusha ilipata kiwanda chake cha matairi cha General Tyre, na Nairobi nayo ikajenga cha Firestone. Soko moja, viwanda viwili, na kila upande ukamwona mwenzake mlaghai.

Je, wajua kwamba mashirika ya Jumuiya ya kwanza yaligawanywa kwa miji, kila mmoja na lake? Ndege na reli makao yake Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala pamoja na Benki ya Maendeleo, na sekretarieti Arusha. Kwenye karatasi ulikuwa mgawo wa haki. Siku ya ugomvi, kila nchi iliona imeshika kitu cha mwenzake.

Ugomvi haukukawia. Januari 1971 Idi Amin alimpindua Obote, na Nyerere akakataa katakata kukaa naye meza moja. Chombo cha juu cha Jumuiya kilikuwa marais watatu. Wawili wasipoonana, chombo hakipo. Kuanzia hapo hadi kifo chake Jumuiya iliendeshwa bila mkutano hata mmoja wa wakuu wake. Wakati huo Tanzania ya Ujamaa ilikuwa ikiwaita mabepari wa Kenya manyang'au, na Kenya ikijibu kwa kejeli kwamba Watanzania hawana hata cha kunyang'anyana.

Je, wajua kwamba Kenya Airways ilizaliwa kutokana na maiti ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki? Mwanzoni mwa 1977 shirika la pamoja lililemewa na madeni na ndege zake zikatua. Kabla ya Januari kwisha Kenya ilikuwa na shirika lake, na wiki chache tu baadaye likaruka. Tanzania ikajibu Februari kwa kufunga mpaka. Ulifunguliwa Novemba 1983. Ndugu wa Namanga, Taveta na Holili, waliokuwa wakivuka kwenda sokoni na kurudi, walikaa karibu miaka saba wakitazamana.

Je, wajua ilichukua muda gani kugawana mali? Alitafutwa msuluhishi kutoka Uswisi, Dokta Victor Umbricht, na hesabu ikafungwa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984. Kenya ilipata asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Kuvunja kulichukua siku chache, kugawana kukachukua miaka saba.

Na hapa ndipo nitakapokawia kidogo, kwa sababu mkataba ule una kifungu ambacho wasomi wa utangamano hukipita haraka na familia nyingi hazijakisahau. Kila nchi ilikubali kuwalipa raia wake waliofanya kazi kwenye mashirika ya Jumuiya: pensheni na mafao mengine waliyochangia kwa miaka. Makarani wa posta, madereva wa treni, mafundi wa ndege, mabaharia wa Ziwa Viktoria. Kwa Tanzania madai hayo yalikokotwa kwa miongo. Wastaafu walikwenda mahakamani kwa maelfu, na mwaka 2005 serikali ikafikia nao makubaliano. Hata baada ya hapo walionekana barabarani Dar es Salaam, wazee wenye mvi na mabahasha ya kaki, wakidai kwamba walicholipwa sicho walichostahili. Wengi walikufa wakiwa bado wanafuatilia. Sasa mwambie mtoto wa mzee huyo kwamba hapendi Jumuiya kwa sababu hajaelimishwa! Yeye ndiye aliyekuwa akimsomea baba yake barua za wakili.

Je, wajua kwamba majengo ya Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha, AICC, yalijengwa kuwa makao makuu ya Jumuiya ya kwanza? Mwenye nyumba alipokufa yakageuzwa ukumbi wa kukodisha, na baadaye yakawa mahakama ya kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda. Jumuiya ya pili ilihamia makao mapya mwaka 2012. Yalijengwa kwa msaada wa Ujerumani.

Je, wajua kwamba mkataba wa sasa unakiri makosa ya ule wa kwanza? Ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na Moi, Mkapa na Museveni, na utangulizi wake unataja wazi yaliyoiua Jumuiya ya zamani: utashi hafifu wa kisiasa, wananchi na sekta binafsi kutoshirikishwa vya kutosha, na faida kuendelea kugawanyika bila usawa. Ni ungamo la kupendeza. Tatizo ni kwamba mwananchi akisoma orodha hiyo leo anaweza kudhani inazungumzia mwaka huu.

Twende kwenye ardhi, maana ukikaa kijiweni Morogoro au Kahama ukataja shirikisho, swali la kwanza halitakuwa sarafu wala rais. Je, wajua kwamba Tanzania peke yake ni kubwa kuliko Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zikijumlishwa? Tanzania ina kilomita za mraba zipatazo 947,000; hizo nne kwa pamoja hazifiki 880,000. Rwanda na Burundi zina watu waliobanana kuliko karibu nchi yoyote ya bara hili. Mtu yeyote anayejua kutoa na kujumlisha anaona kwa nini mkulima wa Kilosa anauliza nani atakuja kulima wapi.

Mwaka 2004 kamati iliyoongozwa na Amos Wako, wakati huo Mwanasheria Mkuu wa Kenya, ilipendekeza shirikisho liharakishwe ili lifikiwe 2013. Serikali zikaamua kuwauliza wananchi. Tanzania ilimpa kazi hiyo Profesa Samuel Wangwe na kamati yake, na 2007 majibu yakarudi: takribani robo tatu ya waliotoa maoni hawakutaka haraka hiyo. Kenya na Uganda wengi waliikubali. Huko Nairobi ilisomwa kwamba Watanzania ni waoga. Sidhani. Wengi hawakukataa shirikisho milele, walikataa kukimbizwa.

Na je, wajua kwamba hofu ya ardhi ilishinda mezani? Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza Julai 2010, inaruhusu watu, mitaji na huduma kuvuka, lakini ardhi imeachwa chini ya sheria za kila nchi. Sheria za Tanzania za 1999 hazimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Wakenya hupenda kutucheka kwa hilo, ila katiba yao ya 2010 nayo inamzuia mgeni kumiliki ardhi kwa zaidi ya upangaji wa miaka 99. Kila mtu analinda shamba lake, tofauti ni nani anasema kwa sauti.

Je, wajua kwamba Mkenya, Mganda na Mnyarwanda walianza kuvuka mipaka yao kwa kitambulisho cha taifa tu mwaka 2014? Mtanzania alibaki na hati ya kusafiria. Mwaka uliotangulia marais wa nchi hizo tatu walikuwa wakikutana kupanga reli na bomba la mafuta bila Tanzania wala Burundi. Novemba 2013 Rais Kikwete alisimama bungeni Dodoma kueleza kwamba nchi yake inatengwa na kwamba haina mpango wa kutoka. Jumuiya ilikuwa na wanachama watano. Watano hao wakawa kambi mbili.

Je, wajua kwamba hukuwahi kumpigia kura mbunge wako wa Afrika Mashariki? Kila nchi hupeleka wabunge tisa wa kuchaguliwa kwenye Bunge la Jumuiya, na wanaowachagua ni wabunge wa bunge la taifa. Taja jina la mmoja. Huwezi? Basi uko pamoja na jirani zako wengi.

Hadithi ya uchaguzi huo ndiyo inayonifanya niwaelewe zaidi wasioamini. Mwaka 2006 Profesa Peter Anyang' Nyong'o na wenzake walikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki kulalamika kwamba wabunge tisa wa Kenya hawakupatikana kwa uchaguzi kama mkataba unavyotaka. Novemba mahakama ikazuia wabunge hao wasiapishwe. Kwa mara ya kwanza mahakama ya Arusha iliiambia serikali kubwa: hapana. Wakuu wa nchi walifanya nini? Desemba, wiki chache tu baada ya amri, waliurekebisha mkataba. Mahakama ikagawanywa ngazi mbili, zikaongezwa sababu za kumsimamisha na kumwondoa jaji. Wanasheria wa kanda wakashitaki, na 2008 mahakama hiyohiyo ikasema marekebisho yalifanywa bila kuwashirikisha wananchi, kinyume na roho ya mkataba. Lakini haikuyafuta. Yapo hadi leo. Mkataba uliojengwa kwa miaka uligeuzwa kabla ya Krismasi, kwa sababu jaji alimuudhi mwenye nguvu.

Wajua pia kwamba uamuzi wa wakuu wa nchi hutolewa kwa maafikiano ya wote? Inasikika vizuri. Maana yake ni kwamba mmoja akinuna, wote wanasubiri.

Haraka haraka sasa. Mwishoni mwa 2017, Namanga, Tanzania ilichoma moto vifaranga 6,400 waliotoka Kenya, ikitaja hofu ya magonjwa. Wiki chache kabla yake ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya walipigwa mnada upande wa Tanzania. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikalegeza baada ya siku chache. Januari 2024 Tanzania ilitangaza kusitisha safari za abiria za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar es Salaam, kwa kuwa Kenya ilikuwa imeinyima Air Tanzania ruhusa ya ndege ya mizigo. Yakamalizwa haraka kwa simu za mawaziri. Kila tukio lina maelezo yake ya kisheria. Ila mfanyabiashara mwenye lori lililosimama mpakani hasomi maelezo, anahesabu mahindi yanayooza.

Je, wajua kwamba Rwanda na Uganda, zote wanachama, zilikaa karibu miaka mitatu na mpaka mkuu wa Gatuna ukiwa umefungwa? Ulifungwa Februari 2019, ukafunguliwa mwisho wa Januari 2022. Na Januari 2024 Burundi ikaufunga wa kwake na Rwanda. Itifaki ya kuvuka kwa uhuru ilikuwa hai muda wote huo, makabatini.

Je, wajua kisiwa cha Migingo? Ni mwamba wa Ziwa Viktoria usiofika ekari moja, umefunikwa mabati na kujaa wavuvi wa sangara. Kenya na Uganda waliugombea vikali mwaka 2009, hadi Rais Museveni akasema kisiwa ni cha Kenya lakini maji yanayokizunguka ni ya Uganda. Samaki, kwa bahati mbaya, hawaishi juu ya mwamba.

Kongo ndiyo mtihani mkubwa kuliko yote. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitia saini kujiunga Aprili 2022. Novemba mwaka huo kikosi cha Jumuiya kilikuwa kimeingia Goma, na watu wa Kivu walitarajia kingewapiga waasi wa M23. Hakikuwapiga. Mapema 2023 wakazi wa Goma waliandamana dhidi yake, na Desemba mwaka huo serikali ya Kinshasa ikakiondoa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti kwamba Rwanda inawasaidia M23; Rwanda inakana. Januari 2025 Goma ikaangukia mikononi mwa waasi. Mkongomani akikuuliza Jumuiya hii inamlinda nani dhidi ya nani, usikimbilie kumpa kipeperushi.

Je, wajua kwamba Zanzibar haina kiti chake katika Jumuiya? Inaingia kupitia Tanzania. Wazanzibari wana uzoefu wao wa miungano: wa 1964 ulianza na mambo ya Muungano kumi na moja, leo ni ishirini na mawili, na wananchi wa pande zote mbili hawakuulizwa kwa kura ya maoni. Desemba 1992 Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya nchi za Kiislamu, OIC. Mwaka uliofuata ikalazimika kujitoa kwa kuwa mambo ya nje ni ya Muungano. Ukimwambia Mzanzibari aingie muungano mwingine juu ya huo, atakuuliza kwanza kero za huu wa sasa zimefika wapi. Ni swali la haki.

Si sisi peke yetu, kwa taarifa yako. Norwei imewauliza wananchi wake mara mbili, 1972 na 1994, kama wanataka kujiunga na umoja wa Ulaya, na mara zote mbili wamekataa, wavuvi na wakulima wakiwa mstari wa mbele. Waliulizwa kwa kura. Hapa kwetu hakuna nchi iliyopiga kura ya maoni kuhusu Jumuiya.

Je, wajua tarehe ya sarafu moja? Itifaki yake ilitiwa saini Kampala Novemba 2013, ikaahidi sarafu ndani ya miaka kumi. Miaka kumi imepita. Tarehe mpya ni 2031.

Na kuhusu mikataba na wakubwa: mwaka 2016 Tanzania ilikataa kusaini mkataba wa biashara na Umoja wa Ulaya, ikihofia viwanda vyake vichanga; Kenya, yenye maua ya kuuza, ilisaini. Ikasubiri wenzake hadi ikachoka, na Desemba 2023 ikasaini wa peke yake. Kwenye mitumba ilikuwa hivyohivyo: nchi za Jumuiya zilikubaliana kupandisha ushuru, Marekani ikatishia kuziondolea nafuu ya soko lake la nguo, na Kenya ikarudi nyuma mapema. Wengine wakalegea. Aliyebaki na msimamo ni Rwanda, na 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo. Mkitaka kuzungumza kwa sauti moja nje, sharti wote mfungue mdomo.

La mwisho ni la juzi. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara kumi na tano ndogondogo: uwakala wa pesa kwa simu, saluni, ufundi simu, kuongoza watalii, kununua mazao shambani na nyinginezo. Chimbuko lake lilikuwa malalamiko ya wafanyabiashara wa Kariakoo, hasa dhidi ya Wachina, lakini amri haikumbagua Mwanajumuiya. Kenya ikalalamika kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja imevunjwa. Vijana wengi wa Kariakoo walishangilia, na baadhi yao wana ndugu wanaouza nguo Nairobi. Kwa hiyo kwa sasa fundi simu wa upande wa Kenya anaweza kuvuka Namanga asubuhi, akala wali kwa mama lishe, akatazama mpira na wenyeji hadi usiku. Simu ya mwenyeji wake ikipasuka kioo, kuitengeneza kwa malipo ni kosa.